Ile 1,200

Mimi ndiye niliyeiandika. Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika kwenye bango kitita, kwa tarakimu nene ambazo hata aliyesimama mlangoni angezisoma: UNITI 1,200. Kisha nikaipigia mstari chini, mara mbili.

Kilikuwa kikao cha kwanza cha kamati tendaji mpya ya chama chetu cha wanafunzi wachangia damu pale chuoni. Tulikuwa na wiki mbili tu madarakani, na bado kila mmoja wetu alipenda kuitwa kwa cheo chake kuliko jina lake. Ajenda ilikuwa moja, malengo na kalenda ya mwaka, na darasa tuliloazima lilitakiwa kurudishwa saa kumi jioni.

Hesabu ilitoka kwa mweka hazina. Uniti moja ni mfuko mmoja wa damu, anaoutoa mtu mmoja kwa mara moja. Kwenye daftari la chama kuna majina 100, mwaka una miezi 12. Alizidisha kwa kikokotoo cha simu, jambo ambalo peke yake lingetosha kututia wasiwasi. Waliotutangulia walikuwa wamekusanya uniti 118 mwaka mzima, na wakati wa kampeni tuliwasema sana kwa hizo 118. Kwa hiyo 1,200 ilipotua ukutani, tulijipigia makofi. Nani angesimama aanze kuhoji?

Mimi ningeweza. Muhula uliopita nilikuwa nimepanga foleni ya kuchangia, nikafika mezani, muuguzi akaangalia kadi yangu akanirudishia. "Wiki tisa tu hizi," alisema. "Njoo zikitimia kumi na mbili." Nilikuwa najua, basi, kwamba hakuna mwanachama hata mmoja anayeweza kutoa damu kila mwezi. Lakini makofi ni matamu, na kalamu nilikuwa nayo mimi.

Tukaendelea na shughuli. Hapo mwenyekiti alikuwa na lake. Alitaka kila kitu kikubwa kiangukie tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani: maandamano, fulana, mgeni rasmi, na vitanda vya kutosha kukusanya uniti 300 kwa siku moja. Alisimama akatueleza, kwa sauti ileile ya kampeni, kwamba siku hiyo ilianza kuadhimishwa mwaka 2004, na ilichaguliwa kwa kuwa ndiyo siku aliyozaliwa Karl Landsteiner, mwaka 1868, yule aliyegundua makundi ya damu na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Alikuwa amekariri vizuri. Nikaandika 14 JUNI, nikaizungushia duara.

Wakati wote huo mlezi wetu alikuwa kimya. Alikuwa amekuja na mgeni, sista mmoja wa benki ya damu, mama wa makamo aliyeingia kwa kuchelewa na kukaa nyuma kabisa, kwenye dawati lililokuwa likiyumba kila alipogeuka. Tulimsalimia, shikamoo zikapita, tukamsahau. Mlezi alipomkaribisha aseme neno, nilitarajia zile pongezi za wageni.

"Wanangu, nani kati yenu alichangia mwezi uliopita?"

Mikono mitatu ikanyanyuka, wa mwenyekiti ukiwa juu kuliko yote.

"Nyie watatu mwezi huu siwachukui. Mwezi ujao pia siwachukui." Akaja mbele. "Katibu, naomba hiyo kalamu."

Hakufuta kitu. Aliandika pembeni, kwa herufi ndogo. Kwa utaratibu wao mwanaume husubiri miezi mitatu, mwanamke minne. Majimaji ya damu, alisema, mwili huyarudisha ndani ya siku moja au mbili, ndiyo maana mtu hujiona mzima kesho yake. Madini ya chuma ndiyo yanayochelewa, na mwanamke ana njia nyingine ya kuyapoteza kila mwezi. Akauliza wanawake ni wangapi kwenye daftari. Sitini. Mara tatu kwa mwaka, 180. Wanaume arobaini, mara nne, 160. Akajumlisha: 340. Hiyo ni iwapo hakuna hata mmoja anayekosa zamu yake, hakuna anayeugua, wote wametimiza miaka 18 na kilo 50, na wote wana wingi wa damu unaotakiwa. "Mnajuana wenyewe," alisema, akimtazama makamu mwenyekiti, ambaye alikuwa mwembamba kama ufito na aliyeanza kucheka kabla yetu.

Tulicheka wote isipokuwa mwenyekiti.

Alijitetea kwa 14 Juni. Angalau siku hiyo, tufanye kubwa! Sista akamuuliza mitihani inaanza lini. Kukawa kimya. Nikafungua ratiba ya chuo, ambayo nilikuwa nayo mfukoni tangu asubuhi, na hakuna aliyekuwa ameniomba niitoe. Mitihani ilianza tarehe 10 Juni. Baada yake ilikuwa likizo ndefu.

Hapo ndipo alipoeleza kitu ambacho hatukuwahi kukiwaza, pamoja na fulana zetu zote. Damu si nafaka, haiwekwi ghalani. Chembe nyekundu hukaa kwenye jokofu siku 35, au 42, kutegemea dawa iliyomo kwenye mfuko. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, ni kama siku tano basi. Mkimpa uniti 300 kwa siku moja, anafurahi wiki ya kwanza, wiki ya sita anaanza kuhesabu za kutupa. Na wachangiaji wake wakubwa ni wanafunzi. Wakifunga masomo na kutawanyika, jokofu linabaki jeupe, ilhali ajali na wazazi wanaotoka damu wakati wa kujifungua havina likizo. Alikuwa akisema haya huku kidole chake kikitembea juu ya ratiba yangu, wiki kwa wiki, kikirudi nyuma kutoka siku ya kufunga chuo. Kikasimama siku kumi kabla ya mitihani. "Hapa," akasema. "Mkinipa hapa, mmenisaidia."

Tukaanza upya, tukipanga kutoka mwisho kwenda mwanzo. Yale mengine yalikwenda haraka: semina mbili za wanafunzi wapya, bajeti ya mabango, nani aandike barua ya kuomba ukumbi. Tulibishana kwa muda mrefu juu ya jambo moja tu, kuwagawa wanachama katika makundi manne ya zamu, kila kundi na kiongozi anayejua tarehe ya mwisho ya kila mtu wake kuchangia. Mweka hazina aliona ni kazi ya ukarani. Mimi nilijitolea kuweka hilo daftari, nadhani kwa aibu. Lengo likashuka hadi 200. Sista alitusimulia kuhusu vijana wa Zimbabwe walioanza mwaka 1989 kuahidi kuchangia damu mara 25, na nikapiga hesabu kimoyomoyo: hata kwa mwanaume asiyekosa zamu hata moja, ni miaka sita na ushei.

Hatukufika 200. Tulipata 171.

Kikao kilipofungwa, mwenyekiti alinivuta pembeni karibu na dirisha. "Katibu, kwenye kumbukumbu, ile 1,200 usiiweke. Andika tu lengo lililopitishwa."

Usiku nilikaa na daftari muda mrefu. Mwishowe niliandika yote: pendekezo la kwanza uniti 1,200, limetolewa na mweka hazina, limeungwa mkono na wajumbe wote, katibu akiwemo. Nikaongeza kwamba katibu alikuwa anaujua utaratibu wa wiki kumi na mbili na hakusema.

Kikao kilichofuata, ajenda ya pili ilikuwa kuthibitisha kumbukumbu. Mwenyekiti alizisoma kimya, ukurasa wa kwanza, kisha wa pili. Alifika mahali akarudia mstari, nikaona midomo yake ikitembea. Akanitazama. Kisha akaniomba kalamu, akaweka sahihi.