Siku moja maishani mwangu: kuchambua gesi inayoizunguka kwaza

Saa 9 alasiri. Hapa Paranal, katika jangwa la Atacama nchini Chile, kazi yangu huanza na data za usiku uliopita kutoka MUSE, kifaa cha darubini ya Yepun ambacho kila picha yake hubeba spektra (mwanga uliotawanywa kwa mawimbi yake) zipatazo 90,000. Kwaza tunayoichunguza ni kiini cha galaksi ambamo shimo jeusi linameza gesi, na mwanga wake umesafiri zaidi ya miaka bilioni 11.

Saa 10 jioni. Mwanga huo mkali huifunika gesi ya pembeni, hivyo ninaunda picha ya kwaza pekee kutokana na mawimbi ambayo gesi haiyatoi, kisha ninaiondoa. Gesi iliyo karibu kabisa na kiini hupotea pamoja nayo, nami ninaikubali gharama hiyo. Kinachobaki ni wingu la haidrojeni, lenye upana wa zaidi ya miaka ya nuru 300,000, liking'aa katika mstari wa Lyman-alfa, yaani wimbi mahususi la mwanga wa haidrojeni, uliotoka huko ukiwa urujuanimno wa nanomita 121.6 na, baada ya kunyooshwa na kupanuka kwa ulimwengu, kutufikia ukiwa na nanomita 498. Mwaka 2016 mawingu ya namna hii yalitangazwa kuonekana kwenye kila moja ya kwaza 17 zisizotoa mawimbi makali ya redio zilizopimwa kwa MUSE.

Saa 12 jioni. Madirisha ya makazi yanafunikwa, mwanga usivuje nje.

Saa 2 usiku. Mwendeshaji wa darubini anaelekeza kioo. Kila baada ya dakika 15 kifaa kinazungushwa nyuzi 90, ili alama zake chenyewe zisirundikane mahali pamoja.

Saa 7 usiku. Fotoni, yaani chembe za mwanga, za Lyman-alfa humezwa na kutolewa tena na atomi za haidrojeni mara nyingi kabla ya kutoroka, kwa hiyo upana wa mstari huo hautuambii moja kwa moja kasi ya gesi. Ndiyo maana ninautafuta mstari wa heliamu, unaozaliwa pale heliamu iliyopokonywa elektroni zote mbili inaponasa moja tena. Mwanga wa mstari huu hupita bila kutawanywa hivyo, na kwa kwaza hii ungeonekana kwenye nanomita 672.6.

Saa 11 alfajiri. Mstari wa heliamu haujaonekana, nami ninaandika kikomo cha juu cha mng'ao wake, ambacho kwangu ni matokeo kamili. Huenda gesi ina madonge mazito ambamo heliamu haipotezi elektroni zote mbili, au sehemu ya Lyman-alfa ni mwanga wa kwaza yenyewe uliotawanywa na haidrojeni. Ninaelekea dhana ya madonge, na usiku ujao tutairudia kwaza hiyo hiyo ili kikomo kishuke.