Kwani mimi mteja?
Jamani, mafunzo yangu kwa vitendo ya ustawi wa jamii yameanza hapa Minneapolis. Nimeingia na beji shingoni, dada wa mapokezi akanisukumia fomu ya kuomba msaada wa chakula. Wala sikushangaa. Darasani kwetu, kila kisa chenye familia ya watu weusi ni cha mtoto kuchukuliwa na serikali, na afisa ustawi wa jamii ni mzungu siku zote. Mtu aliyesomeshwa hivyo atanitambuaje mlangoni?

Kinachonikera zaidi ni historia. Jane Addams na Hull House, kituo chake cha kuhudumia maskini na wahamiaji kule Chicago, 1889, tumeimbiwa mpaka basi (na anastahili, sikatai). Lugenia Burns Hope, aliyeongoza kuanzishwa kwa Neighborhood Union, shirika la kuhudumia mitaa ya watu weusi kule Atlanta, mwaka 1908? Kimya. Wafanyakazi wa ustawi weusi waliounda chama chao cha kitaifa San Francisco mwaka 1968, wamechoka kupuuzwa na wenzao? Kimya vilevile. Nilipouliza, mwalimu akajibu kwa upole kwamba hayo yako kwenye somo la hiari.

Hiari! Tumemwandikia mkuu wa idara, na wenzangu kadhaa wametia saini. Mlio kwenye fani hii huko Ulaya na Kanada, ninyi mnafundishwa nini?