Rakaa ya Ngapi, Mwanangu?

Jumatano, saa nne usiku.

Mama amelala. Nimemfunika shuka, nimezima taa ya chumbani kwake na mlango nimeurudisha nusu, maana akiamka usiku huita, na akiita huuliza saa. Msala wake bado umetandikwa ukumbini, sijaukunja. Nimekaa kando yake niandike jambo la jana Magharibi kabla nami halijanitoka.

Lakini jambo lenyewe lina mizizi, sina budi kuanza mbali.

Nilipokuwa na miaka 17 nilipatwa na maradhi ambayo hayakuwa na jina hapa nyumbani. Nilikuwa nikinyanyua mikono kupiga takbira ya kuhirimia, ile ya kuingilia kwenye sala, naikata. Naona niya haikukaa. Nanyanyua tena, nakata tena. Alhamdu nairudia aya kwa aya kwa kuhofu kwamba herufi dhwadi nimeitamka kama dha. Nikishatoa salamu nawaza: sijda ya pili ya rakaa ya kwanza, niliikalia vizuri au nilidonoa kama kuku? Basi nasimama naanza upya. Udhu ndiyo usiseme. Ndoo nzima ya lita 20 iliisha kwa sala moja, na siku hizo hapa Ngamiani maji tulikuwa tunanunua kwa mkokoteni. Kuna Alfajiri moja nilirudia mpaka jua likachomoza nikiwa bado sijaisali, nami nilikuwa nimeamka tangu adhana ya kwanza. Nilikaa chini uani nikalia.

Mama alikuwa akiyaona yote. Hakunikemea hata siku moja. Asubuhi ile alikwenda jikoni, akalichukua lile birika la bati lenye mdomo uliobonyea, akalijaza maji, akaliweka mbele yangu. Akasema, "Haya ndiyo maji yako. Yakiisha, udhu umetimia. Usiongeze hata tone." Kisha akanieleza kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja, na akioga kwa pishi moja, yaani vibaba vinne, hadi vibaba vitano. Kibaba! Kile kile tunachopimia mchele wa zakatulfitri. Nililitazama lile birika nikaona lina zaidi ya kibaba, tena pakubwa.

Sisi Waswahili neno wasiwasi tumelizoea hadi limepungua makali. Mtoto amechelewa kurudi shule, una wasiwasi. Chuoni lina maana yake ya asili: ni ule mnong'ono tunaojikinga nao tukisoma Kul a'udhu bi rabbin nas. Na sura hiyo humwita mnong'onaji khannas, yaani anayerudi nyuma, anayenywea anapotajwa Mola. Mama alinifundisha habari ya Uthman bin Abil-As, sahaba aliyemwendea Mtume kushitaki kwamba Shetani ameingia kati yake na sala yake na kisomo chake, anamchanganya. Mtume hakumwambia aisali upya sala yake. Alimwambia huyo ni shetani anayeitwa Khinzab, ukimhisi jikinge kwa Mwenyezi Mungu, uteme upande wa kushoto mara tatu. Yule sahaba akafanya hivyo, naye Mungu akamwondolea. "Mtu mzima, sahaba wa Mtume," Mama alisema, "lilimpata. Wewe ni nani lisikupate?"

Maneno hayo yaliniponya zaidi ya dawa. Kwamba si mimi peke yangu.

Nikishuku udhu, aliniambia, nisitoke kwenye sala mpaka nisikie sauti au nisikie harufu. Ndivyo alivyosema Mtume alipoulizwa juu ya mtu anayedhani limemtoka jambo ndani ya sala. Nikishatoa salamu, shaka inayonijia baadaye niiache ipite, haina haki tena juu ya sala iliyokwisha. Na nikiwa ndani ya sala nikawa sijui nimesali tatu au nne, nishike ile ambayo nina yakini nayo, yaani tatu, niongeze moja, kisha nisujudu sijda mbili kabla ya salamu. Hadithi ya Abu Said al-Khudri inasema ikiwa umesali tano, sijda hizo zitaifanya shufwa, yaani idadi inayogawika kwa mbili, na ikiwa ni nne barabara, basi zitakuwa za kumfedhehesha Shetani. Nilipenda sana hapo. Nilikuwa nikisujudu huku nafurahi.

Mama alijua mambo haya kwa sababu alikuwa akiyasomesha. Kwa miaka mingi wanawake wa mtaani walikuja hapa ukumbini Jumamosi baada ya Alasiri, yeye na kitabu chake cha fikihi, Safina, kilichoshonwa mgongo kwa uzi mweusi. Sababu za sijda hizo mbili, sijda ya kusahau, akizihesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto: kuacha mojawapo ya ab'adhi, zile sunna nzito kama tahiyatu ya kwanza, ile ya kikao cha baada ya rakaa ya pili, na kunuti, dua ya Alfajiri, kufanya kwa kusahau lile ambalo ukilikusudia linabatilisha, kuihamisha nguzo ya kutamka mahali pake, kama kusoma Alhamdu kwenye kikao, na kutenda nguzo ya kitendo huku unashuku huenda umezidisha. Vidole vinne. Kidole gumba akikiacha kimesimama, kisha anasema, "Na hiki ni cha Mola wenu, anayejua mlivyoumbwa."

Mwaka juzi mama alianza kusahau.

Sitaki kueleza sana habari za hospitali. Daktari alisema ni ugonjwa wa uzeeni, unakwenda polepole, na dawa zake ni za kuupunguzia mwendo. Nililolishuhudia mimi nyumbani ni kwamba ya zamani yote yapo. Kunuti anaisoma neno kwa neno, kwa mahadhi yale yale ya mwalimu wake. Yasini anayo. Jina la punda wa babu yake analo. Kilichomtoka ni hesabu. Ameshakunywa chai au bado, leo Jumatatu au Alhamisi, hii rakaa ya ngapi.

Kuna usiku mmoja mwezi wa Rajabu nilikuwa jikoni nachambua dagaa, yeye ukumbini anasali Isha. Nikasikia takbira, nikasikia ameinuka, ameinama. Nikaendelea na dagaa wangu. Zikaisha sinia nzima, bado namsikia. Nikachungulia mlangoni. Amesimama, kanga imemteleza begani, anasoma Alhamdu kwa sauti ya chini. Nikaanza kuhesabu kutoka pale nilipomkuta. Akasali rakaa, akainuka. Akasali nyingine, akasita, akatazama ukutani kana kwamba jibu limeandikwa pale, akainuka tena. Nilihesabu tano mbele ya macho yangu, na zile za kabla yake sizijui.

Nilielewa anachofanya, na ndicho kilichonikata maini. Alikuwa akifuata sheria. Ameshuku, tatu au nne? Ameshika tatu, ameongeza moja. Akifika mwisho wake shaka imerudi mpya kabisa, ile ya kwanza haikumbuki. Tatu au nne? Ameshika tatu. Kanuni iliyonitoa mimi kwenye shimo ndiyo inamzungusha yeye, na anaitii kama alivyoitii maisha yake yote. Alipoanguka sijdani mara ile ya mwisho hakuinuka upesi. Nilimfuata nikamshika mgongo. Akaniambia, jasho linamtiririka, "Rakaa ya ngapi, mwanangu?"

Nikamwambia, "Zimetimia, mama. Toa salamu." Akatoa.

Kesho yake nilikwenda kwa maalim wa msikiti wa jirani, mzee ambaye mama alikuwa akimsikiliza. Nilimkuta barazani. Nilimweleza yote, na nikamuuliza lililokuwa likinichoma: je, sala zimemwondokea? Nilikuwa naijua hadithi kwamba kalamu ya kuandika matendo imeinuliwa kwa watatu, aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe na mwendawazimu mpaka apate akili. Lakini mama si mwendawazimu. Anamjua Mola wake. Anasikia adhana kabla yangu.

Maalim alinyamaza kidogo. Akasema, "Maadamu anaijua sala, usimnyang'anye. Msalishe."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akaeleza kwamba maamuma, yule anayesalishwa, akisahau nyuma ya imamu, imamu humbebea. Hana sijda ya kusahau kwa alilosahau mwenyewe akiwa amemfuata mwenziwe. Akasema wanawake kusalishana wao kwa wao si jambo geni, imepokewa kwamba Bi Aisha na Bi Ummu Salama waliwasalisha wanawake wenzao, wakisimama katikati ya safu. "Yeye hawezi tena kuhesabu. Wewe unaweza. Afuate tu."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo siku tatu nzima sikuthubutu kuyasema. Nimsalishe mama? Aliyenifundisha kukunja miguu kwenye tahiyatu kwa kunishika kifundo na kukigeuza? Nilipomwambia hatimaye, aliniangalia muda mrefu. Akauliza, "Alhamdu yako imenyooka?" Nikamsomea palepale, nimesimama kama mtoto wa chuo. Akanirekebisha ghairil maghdhubi, mara mbili. Kisha akaja akasimama kuliani kwangu.

Tangu siku hiyo tunasali pamoja, tano zote. Ninapokuwa sokoni Adhuhuri, dada yangu wa nyumba ya pili huja. Mama haulizi tena rakaa ya ngapi. Akiniona nimekaa, anakaa. Akinisikia natoa salamu, anatoa. Sala ya Isha inachukua dakika kumi, na uso wake baada ya sala ni ule wa zamani.

Sasa la jana.

Umeme ulikatika kabla ya Magharibi. Niliwasha kibatari, nikakiweka juu ya kabati, tukasali. Rakaa mbili za kwanza nilisoma kwa sauti, na hata nikisoma akili yangu haikuwepo. Vidonge vya mama vilikuwa vimebaki vichache, duka la dawa la karibu walikuwa wameishiwa, na mimi nilikuwa nikipiga hesabu ya nauli na ya fedha za kikoba zitakazotoka Ijumaa. Nikainuka kutoka sijda ya pili ya rakaa ya pili moja kwa moja, nikanyooka.

Nikasikia kofi. La kwanza dogo, la pili kubwa. Kiganja cha kulia mgongoni mwa mkono wa kushoto, kama sheria inavyotaka mwanamke amzindue imamu wake. Mama alikuwa amebaki kakaa, kinyume cha sura niliyoizoea, yeye ndiye aliyejua tulipo na mimi ndiye niliyepotea.

Nilikuwa nimeshasimama wima. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, aliyekwisha kusimama kwa kuisahau tahiyatu ya kwanza harudi chini. Akirudi kwa makusudi huku anajua, sala inabatilika. Nilisimama pale na moyo unanidunda, nikimwomba Mungu mama asing'ang'anie kukaa. Nikasikia mifupa ya magoti yake. Ameinuka, kanifuata.

Abdullah bin Buhaina amesimulia kwamba Mtume aliwasalisha Adhuhuri, akasimama baada ya rakaa mbili bila kukaa, watu wakasimama naye. Hata alipomaliza, watu wakingojea salamu yake, akapiga takbira akiwa amekaa, akasujudu sijda mbili, ndipo akatoa salamu. Nimeisoma hadithi hiyo mara nyingi. Jana ndiyo mara ya kwanza nilihisi nimeshikwa mkono nayo.

Nilipiga takbira nimekaa, nikasujudu. Giza la kibatari, harufu ya mafuta ya taa, na kando yangu sauti ya mama, si ya mgonjwa, sauti ya Jumamosi baada ya Alasiri: *Subhana man la yanamu wala yas-hu.* Ametakasika asiyelala wala kusahau. Si maneno ya hadithi, ni tasbihi ambayo baadhi ya wanavyuoni wetu wameiona inafaa kusomwa kwenye sijda hii, nasi tuliisoma chuoni tukiwa wadogo. Sikuwa nimeisikia kinywani mwake kwa miaka. Aliisema mara tatu. Sijda ya pili akaisema tena mara tatu. Nilichelewa kunyanyua kichwa, nilitaka aiseme zaidi.

Baada ya salamu alinigeukia. "Ulikuwa unawaza nini?"

"Dawa zako, mama."

"Dawa ziko juu ya kabati, nyuma ya kibatari." Na kweli zilikuwa pale, pakiti nzima ambayo mimi nilikuwa nimeisahau.

Tukakaa. Akavuta tasbihi yake, nami nikaenda kupasha wali. Umeme ulirudi kama baada ya nusu saa. Nilipomletea sahani alikuwa ananitazama na lile sikitiko la kila siku limemrudia usoni.

"Magharibi tumesali?"

"Tumesali, mama."

"Ulinisalisha wewe?"

"Mimi."

"Rakaa ngapi?"

"Tatu. Na sijda mbili za kusahau."

Akasimamisha punje ya tasbihi kati ya vidole. "Nani alisahau?"

"Mimi, mama."

Akatikisa kichwa taratibu, akasogeza punje ya pili.