Makutupora, Kongwa, Hombolo: siku tatu za kuulizia mbegu

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi nilikuwa tayari stendi ya daladala ya Sabasaba, begani nina mkoba wenye madodoso 60, barua ya chuo, kibali cha halmashauri na chupa mbili za maji. Ilikuwa mwishoni mwa Novemba. Kwa asiyeijua Dodoma, huo ni wakati ambao kila mtu anatazama mawingu na hakuna anayethubutu kusema kitu. Mvua yetu ni ya msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima ni milimita 550 hadi 600 hivi. Ikikatika wiki tatu katikati ya msimu, mahindi yanasinyaa yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele.

Nasoma Chuo Kikuu cha Dodoma. Utafiti wangu wa shahada ya uzamili unahusu namna wakulima wa kanda ya kati wanavyoyaelewa mazao yaliyobadilishwa vinasaba, yale ambayo watu wote wanayaita GMO. Sikuichagua mada hii vitabuni. Mimi ni mtoto wa mkulima, na jambo lenyewe lilitokea mlangoni kwetu, Makutupora, kilomita zipatazo 25 kutoka mjini kwa barabara ya Kondoa. Kwa hiyo safari yangu ilianzia huko.

Ukishaipita Veyula unaanza kuona mashamba ya zabibu, miti yake ikiwa imefungwa kwenye nyaya. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Makutupora kinajulikana kwa zabibu. Lakini Oktoba 2016, ndani ya uzio, yalipandwa hapo mahindi ya kwanza ya GMO kujaribiwa shambani Tanzania. Mradi uliitwa WEMA, ulianza 2008, na ulikuwa ukitafuta mahindi yanayostahimili ukame kwa ajili ya nchi kadhaa za Afrika. Katika mahindi yale iliingizwa jeni moja, yaani chembe ya urithi inayobeba sifa, kutoka kwa bakteria wa udongoni aitwaye Bacillus subtilis, jeni inayomsaidia bakteria huyo kuhimili baridi kali, na ambayo kwenye mmea inasaidia seli ziendelee kufanya kazi maji yanapopungua. Kabla ya hapo jaribio kama hilo lilishindikana kwa sababu kanuni za mwaka 2009 zilimbebesha kila aliyehusika dhamana ya madhara yoyote, awe amezembea au hakuzembea. Kanuni zililegezwa 2015 kwa upande wa utafiti, na mwaka uliofuata mbegu ikaingia ardhini.

Haikudumu. Novemba 2018 Katibu Mkuu wa Wizara ya Kilimo aliagiza majaribio ya GMO yasitishwe mara moja na mabaki yateketezwe. Januari 2021 Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Profesa Adolf Mkenda, akatangaza kwamba serikali imesitisha majaribio ya mbegu hizo nchini.

Sikwenda kuomba kuingia kituoni. Nilikwenda kwa majirani zake. Mzee mmoja mwenye robo tatu ya ekari ya zabibu alinikaribisha chini ya mwarobaini, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanijibu kwa sentensi nne: “Tuliona uzio. Tukasikia redioni kuna mahindi yasiyoogopa jua. Baadaye tukasikia yamechomwa. Hakuna aliyekuja kutueleza, wala wa kwanza wala wa pili.”

Niliandika maneno hayo kama alivyoyasema, na siku ile nzima sikupata jibu zito kuliko hilo. Ninaamini kabisa kwamba jaribio la miaka miwili linalofanyika kijijini lilistahili kusomewa wanakijiji matokeo yake kwenye mkutano wao wa hadhara, yawe mazuri au mabaya. Wanaoitetea GMO na wanaoipinga, wote walikuwa wakizungumzia matumbo ya watu wa Makutupora. Hakuna upande uliowafuata walipo.

Kesho yake nilipanda basi la Morogoro, nikashuka Mbande na kuchukua bodaboda hadi Kongwa. Nilitaka tu kusimama kwenye ardhi ile. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza hapa mradi mkubwa wa karanga. Mpango ulikuwa kulima zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika na nyingine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ili Waingereza wapate mafuta ya kula baada ya vita. Walikuja na matrekta, hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa vya kulimia. Hawakuuliza mvua ya Kongwa inanyeshaje. Udongo wake wa mfinyanzi kiangazi hukauka ukawa kama sakafu, jembe halizami na karanga hazing'oleki. Mradi ulifutwa 1951, ukiwa umemeza takriban pauni milioni 36. Niliinama nikajaribu kuchimba kwa ncha ya ufunguo pembeni mwa barabara, ukakwaruza tu. Kijana wa bodaboda akaniambia babu yake alikuwa akisema, “Mzungu alilima, akasahau kuuliza.” Sikuwa na swali la kumuuliza juu ya hilo kwenye dodoso langu.

Mchana nikawa Kibaigwa. Soko la nafaka la pale ukilifikia saa nane utadhani nchi nzima imeleta mahindi yake siku hiyo: magunia, mizani, makuli, malori yanayosubiri safari ya Dar es Salaam na ya kuvuka mpaka. Nilipata wakulima kumi na mmoja waliokubali kukaa na mimi, na hapo ndipo utafiti wangu ulipoanza kuyumba.

Swali la nne kwenye dodoso lilikuwa: “Je, umewahi kuona mbegu za GMO?” Saba kati ya kumi na mmoja wakasema ndiyo. Haiwezekani. Hazijawahi kuruhusiwa kuuzwa nchini. Nikamwomba mmoja wao, baba wa makamo, anieleze alichokiona. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa punje tatu za mahindi zilizobaki kwenye pakiti ya msimu uliopita, akaziweka kiganjani mwangu. Zilikuwa za rangi ya waridi iliyokolea, na ziliacha poda kwenye ngozi.

“Hizi hapa,” akasema. “Mahindi ya Mungu hayana rangi hii.”

Zilikuwa mbegu chotara za kawaida. Rangi ile huwekwa pamoja na dawa ya kuzuia kuvu na wadudu, ili mtu asije akazisaga akala. Nikamweleza. Akaniuliza: “Sasa mbona nikizipanda mwaka wa pili zinatoka mbovu? Si kwa sababu zimechezewa?” Nikamweleza na hilo, kwamba chotara ni mtoto wa wazazi wawili tofauti, na watoto wake hawafanani tena naye. Wenzake wakasogea. Mmoja alikuwa amenunua pakiti feki duka fulani, nusu ya shamba haikuota, na muuzaji akamkana mbele ya watu. Mwingine alimaliza akiba yake ya mwaka kununulia dawa ya viwavijeshi vamizi, wale walioingia nchini 2017. Alipata habari kwamba Wakenya waliondoa zuio lao la GMO Oktoba 2022 baada ya miaka kumi, akataka kujua kama ni kweli kuna mahindi ambayo kiwavi akiyala anakufa. Nikamwambia yapo, Afrika Kusini wanayalima miaka mingi, na hata Makutupora walijaribu aina yenye kinga dhidi ya funza wa mabua. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza bei.

Kwa hiyo “GMO” ya Kibaigwa ni jina la kila mbegu inayomtia mtu hasara: feki, chotara iliyorudiwa, ya bei kubwa, yenye rangi. Majibu saba ya “ndiyo” niliyoyakusanya yalikuwa ya kweli kwa walioyatoa, lakini hayakujibu nilichouliza. Usiku ule nyumba ya wageni sikulala mapema.

Siku ya tatu niliondoka na daladala ya Hombolo kupitia Ihumwa. Tairi lilipasuka njiani, tukakaa juani karibu saa mbili, sisi na kuku waliofungwa miguu. Watu walikuwa wameanza kuberega mashamba, moshi wa mabua ukipanda huku na huku. Hombolo kuna bwawa la zamani na kituo kinachoshughulikia mtama na uwele, na nilichokuwa nakifuata mimi ni mtama na uwele vilevile, lakini jikoni.

Mwenyekiti wa kitongoji alinipeleka kwa bibi mmoja anayekaa kwenye tembe. “Mbukwenyi,” nikamsalimu kwa Kigogo, kisha nikampa shikamoo. “Marahaba, mjukuu wangu. Kaa hapo, jua limekuunguza.” Akanipa uji wa uwele kwenye kibuyu, ndipo akaniuliza nimefuata nini. Nikasema mbegu. Akaangalia juu.

Juu ya mafiga, kwenye boriti, palining'inia masuke ya uwele na mtama yamefungwa kwa kamba za magome, meusi kwa masizi. Akanyanyuka, akashusha suke moja la uwele, akalisugua mkononi. Chini ya masizi punje zilikuwa safi, za kijivu, hakuna hata moja iliyotobolewa. Moshi unafukuza wadudu. Nikamuuliza anachaguaje.

“Nachagua katikati ya shamba. Yale ya mpakani siyaweki mbegu. Yanakuwa yamechanganyika na ya jirani.”

Nikaacha kuandika. Uwele huchavushwa kwa upepo kutoka shamba hadi shamba. Ni kwa sababu kama hiyo mahindi ya Makutupora yaliwekwa mbali na mashamba mengine, na kwenye tasnifu yangu nina kurasa sita kuhusu umbali wa kutenganisha mazao. Bibi huyu anafuata kanuni hiyo tangu aolewe.

Nilimweleza GMO kwa mfano wa mifugo, maana Mgogo ukimweleza kwa ng'ombe huhitaji kurudia. Chotara ni kupandisha dume la kisasa kwa jike la kienyeji. GMO ni kuchukua sifa moja tu kwa kiumbe ambaye hawezi kupandishwa kabisa, ukaiweka ndani. Akafikiri. “Ikishaingia, ndama anaizaa?” Nikasema ndiyo, hurithiwa. “Basi nikivuna naweza kuchagua suke zuri nikalitundika hapa?”

Nikamjibu kwa uaminifu. Mahindi ya WEMA yalikuwa chotara, na waliotoa jeni walikubali wakulima wadogo wasilipishwe ada yake, lakini kwa kuwa ni chotara ingebidi anunue upya kila msimu. Mtama kama Macia, aliopewa miaka ya nyuma na ambao bado anaupanda, si chotara, ndiyo maana ameweza kuutunza. Kama ipo siku wataweka jeni kwenye mtama wa namna hiyo, kibayolojia ataweza kuurudia. Kisheria itategemea mwenye jeni.

“Mwenye jeni ni nani?”

Swali hilo halikuwemo katika madodoso yangu 60. Nililiandika nyuma ya karatasi, na jibu nililompa, kwamba inategemea mkataba utakaosainiwa na nani, halikumridhisha. Wala mimi.

Jioni, kwenye daladala ya kurudi mjini, nilifuta swali la nne kwenye dodoso moja na kuandika juu yake: “Mbegu uliyopanda msimu uliopita uliipata wapi, na ya msimu huu umeiweka wapi?” Msimamizi wangu amelikubali. Nimechapisha nakala mpya, na Jumamosi nakwenda Bahi.