Tulivyopumzika Jambiani kwa saa za maji

Sisi wa Dodoma tukisema tunakwenda pwani, mara nyingi tunakwenda kwa shughuli. Harusi Mbagala, mgonjwa Muhimbili, mzigo wa Kariakoo. Jioni moja unapitishwa Coco Beach, unakula mihogo ya kukaanga na pilipili, unapiga picha, na alfajiri unarudi zako. Miaka yote ya ushonaji wangu nimekwenda hivyo. Bahari nimeiona sana, ila kukaa nayo, bado. Safari ya mwezi wa tisa mimi na mume wangu tulikwenda kukaa nayo, na kwa kuwa wenzangu wa Majengo wananiuliza tulikuwa tunafanya nini huko siku zote hizo bila harusi wala msiba, naandika hapa niwajibu wote kwa mara moja. Tulikuwa tunafuata maji. Yakijaa tunakaa, yakipwa tunatembea, na tunakula kile yalichoacha.

Mume wangu anafundisha hesabu sekondari. Mimi nina cherehani zangu karibu na soko la Majengo. Ndoa yetu imekuwa ya kupokezana zamu: msimu wa sare, Desemba na Januari, mimi sionekani nyumbani, msimu wa mitihani yeye anakesha na madaftari. Katikati kuna watoto, ada, mashamba ya mtama kule Mvumi, wazazi. Sasa mtoto wa mwisho yuko bweni. Siku moja tunakula, mume wangu akaweka tonge chini akaniambia, "Mke wangu, tukapumzike. Tusiende kwa ndugu. Sisi wawili tu." Aliyekulia kwetu anajua uzito wa maneno hayo. Kusafiri kwetu ni kwenda kwa mtu, na gunia la karanga mkononi, na mgeni haketi: atamenya, atapika, atasikiliza kesi za ukoo. Kwenda mahali ambapo hakuna anayetudai salamu lilikuwa jambo jipya kabisa.

Safari yenyewe sina haja ya kuieleza sana. Treni ya umeme imeanza kutuchukua Dodoma tangu Julai 2024, na imetusogezea pwani kuliko watu wengi wa huku wanavyodhani. Unapanda Mkonze asubuhi, mchana uko Dar es Salaam, na kutoka stesheni hadi bandari ya boti ni mwendo mfupi wa bajaji. Boti ni kama saa mbili. Upepo wa kusi ulikuwa unavuma bado, ukaturusha kidogo, tukafika Unguja kabla ya magharibi. Bebeni vitambulisho na nunueni tiketi ya boti dirishani, siyo kwa vijana wa nje. Basi.

Usiku wa kwanza tulilala mjini, tukaenda bustani ya Forodhani. Hapo nilikula urojo kwa mara ya kwanza nikiwa nimekaa, bila haraka. Wanaouita "mix" hawakosei, maana kila kitu kimo: rojo la njano lenye ukali wa ndimu na embe, vipande vya viazi, bajia, kachori, mshikaki, chatne ya nazi, na juu yake chipsi za muhogo zinazolia mdomoni kabla hazijalowa. Mume wangu alimaliza bakuli lake akanitazama mimi na langu. Nikamsogezea.

Asubuhi yake ndipo nilipopata uchungu, na nitausema. Hoteli tuliyolala ilituwekea chai ya soseji, mkate wa slesi, jamu na juisi ya pakiti. Hatua chache nje ya mlango, mama mmoja alikuwa anageuza vitumbua vya mchele, harufu ya hiliki mtaa mzima. Mgeni aliyetoka mbali anapewa kitu cha duka lolote la dunia, na chakula chenye jina la mahali kinaachwa barabarani. Naamini wenye hoteli wanadhani wanatuheshimu. Wangetuheshimu zaidi kwa mbaazi za nazi na mandazi. Tulitoka tukanunua vitumbua, tukala tumesimama, tukapanda daladala ya Jambiani.

Jambiani ni kijiji kirefu cha pwani ya mashariki, nyumba zimejipanga kufuata ufuo. Tulifikia nyumba ya wageni ndogo, vyumba vichache, mwenye nyumba ni bibi mtu mzima anayepika mwenyewe na binti zake wawili. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba wanangu, na kabla hatujatua mabegi akauliza, "Mnakula pweza?" Mume wangu akasema tunakula. "Basi mtakula keshokutwa. Maji bado."

Hapo ndipo somo la maji lilipoanza. Pwani ile ina miamba mbali kule baharini, mawimbi yanavunjikia huko, na kati ya miamba na ufuo ni uwanda wa mchanga na nyasi za bahari. Maji yakijaa, uwanda wote ni bahari ya kijani mpaka kwenye kizingiti cha nyumba. Yakipwa yanaondoka kweli, unatembea kwa miguu mpaka watu walioko ufukweni unawaona kama vidole. Kujaa na kupwa hutokea mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Halafu kuna mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanajaa sana na kupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, maji hayaendi mbali; hayo wanayaita maji mafu. Sisi tulifika maji mafu yanakwisha, bamvua inaingia. Bibi alikuwa anajua saa ya kuweka sufuria jikoni kwa kutazama mwezi.

Mume wangu, mtu wa hesabu, alipenda jambo hilo kupita kiasi. Alichukua kalamu akaandika saa za kupwa za wiki nzima nyuma ya tiketi ya boti. Siku ya bamvua yenyewe akawa amepata saa nne asubuhi, akampelekea bibi. Bibi akatikisa kichwa kukubali, akasema, "Umesoma, mwalimu."

Saa nne ile tulitoka na wanawake wa kijiji. Wengine walikuwa wanakwenda kwenye mashamba yao ya mwani. Kilimo hiki kilianza pwani hii mwaka 1989, na mpaka leo wakulima wengi ni wanawake. Mwani unafungwa vipandevipande kwenye kamba kwa uzi mwembamba, kamba inavutwa kati ya vijiti viwili vilivyochimbiwa mchangani, na baada ya wiki sita hivi unavunwa, unaanikwa, unauzwa kwenda nchi za nje, huko unatolewa utomvu wa kugandisha vitu kama dawa ya meno na aiskrimu. Nilichuchumaa na mama mmoja nikajaribu kufunga. Vidole vyangu vimezoea uzi na sindano, lakini yeye alifunga vifundo vitatu mimi nikiwa kwenye kimoja, maji ya chumvi yanampiga kiunoni, jua linamchoma mgongoni. Alisema bei haipandi kama jasho linavyotoka. Nilimwelewa, mshonaji wa sare anajua hesabu hiyo.

Wengine walishika vyuma virefu vyenye ncha, wanakwenda mbali zaidi, karibu na miamba, kutafuta pweza. Unatazama shimo kwenye jiwe. Ukiona vigamba na vikombe vya kombe vimetupwa mlangoni, kuna mwenyewe ndani, amemaliza kula. Binti wa bibi alichoma, akasubiri, akavuta taratibu, na pweza akatoka amejizungusha mkononi mwake mpaka kwenye kiwiko, rangi inabadilika kahawia, nyeupe, kahawia. Mume wangu alirudi nyuma hatua mbili. Kwetu samaki ni perege wa Mtera, analala sinia kimya.

Jikoni nilikaribishwa, na hapa ndipo nilipokaa sana kuliko mahali pengine popote. Pweza kwanza anapigwa, tena sana, juu ya jiwe, alainike. Kisha anachemshwa bila maji ya kuongeza, anatoa yake mwenyewe, mekundu kama divai ya zabibu zetu. Wakati huo binti anakaa juu ya mbuzi ya kukunia, anakuna nazi. Nazi iliyokunwa inatiwa maji ya vuguvugu, inakamuliwa kwenye kifumbu, kile kichujio cha kusukwa, hilo ni tui la kwanza, zito, linawekwa pembeni. Machicha yanayobaki yanatiwa maji tena, yanakamuliwa, hilo tui la pili, jepesi. Vitunguu, nyanya, kitunguu saumu, tangawizi, bizari, pweza aliyekatwakatwa. Tui jepesi linaingia, linachemka mpaka limshike. Mwisho kabisa linaingia tui zito. Bibi alinipa mwiko akasema nikoroge nisiuache, moto upunguzwe, maana likichemka kwa hasira litakatika, mafuta yatajitenga na maji, na mchuzi huo hauna wa kuuokoa. Nilikoroga. Ndimu ikaja baada ya kuepua.

Tulikula uani kwenye mkeka, wali wa nazi katikati, kachumbari, achari ya embe, pweza. Mume wangu hakusema neno mpaka sinia lilipobaki tupu. Kisha akasema jambo ambalo nimelifikiria tangu siku hiyo: nazi hapa inafanya kazi ya karanga kwetu. Ni kweli. Mama yangu anatwanga karanga anatia kwenye mlenda kwa sababu ileile, mboga ya kawaida ipate mafuta na uzito, ugali wa uwele ushuke. Nikamweleza bibi mlenda. Akauliza unavyovutika, nikamwonyesha kwa mkono, akacheka na binti zake. Tulikuwa tumemletea zabibu za Dodoma, msimu wake ndio huo, zilikuwa zimepondeka kidogo safarini. Wajukuu walizimaliza kabla ya magharibi.

Sasa kuhusu kupumzika, maana hilo ndilo tulilofuata. Mimi na mume wangu wote hatujui kuogelea. Kwa watu kama sisi pwani ya namna hii ni neema, maana maji yanapoanza kurudi yanakuja ya vifundo, ya magoti, ya kiuno, na unaamua mwenyewe ukae ya wapi. Tulikuwa tunakaa ndani ya maji ya mapaja tumeshikana mikono, watu wazima, hakuna anayetujua. Vaeni viatu vya mpira, chini kuna wadudu wenye miiba myeusi mirefu. Na mkipita kijijini jifungeni kanga. Ni kijiji cha watu wanaosali.

Alasiri ngalawa zinarudi na maji. Tulikuwa tunakwenda dikoni, samaki wanaposhushwa, kutazama mnada: changu, tasi, kibua, siku moja jodari mkubwa aliyebebwa na vijana wawili. Mume wangu alianza kuulizwa maoni na wavuvi kwa sababu alikuwa anajumlisha bei kichwani haraka kuliko mnadi. Nilimtazama akiwa pale pekupeku, suruali imekunjwa, anacheka na watu, simu ameiacha chumbani. Huyo ni kijana aliyekuja kunichumbia. Sikumwambia wakati ule. Nilimwambia usiku, na tukazungumza mpaka taa za kijiji zikazimwa: habari za mtoto tuliyempoteza, habari za kiwanja cha Ihumwa, mambo ambayo nyumbani huwa tunayaanza na kuyakatiza kwa sababu mteja amebisha hodi. Mambo hayo yalihitaji muda mrefu usio na mwenyewe. Kule muda ulikuwa wa maji, na sisi tulipewa uliobaki.

Siku ya kurudi tulipitia soko la Darajani, mjini, kununua ubuyu, ule mwekundu wenye sukari na pilipili manga. Mume wangu akamuuliza muuzaji mbegu zinatoka wapi. Muuzaji akajibu, "Bara." Mume wangu amekulia chini ya mibuyu ya Mvumi, alikuwa anauchuma kwa mawe akichunga mbuzi. Alinunua mifuko mingi kuliko tulivyopanga.

Kwa wanaojiandaa kwenda: tazameni mwezi kabla ya kukata tiketi. Mkitaka kutembea mbali na kula pweza, nendeni siku za bamvua. Mkitaka maji ya kukaa tu bila kuondoka mbali, nendeni maji mafu. Chagueni nyumba inayopika, na muulize kwanza atakayepika ni nani. Mwambieni mapema mnapenda nini, halafu mumwachie yeye aamue siku.

Nazi hapa Majengo zinapatikana, kavu nyingine zimekaa sana, lazima uzitikise usikie maji. Nimeshanunua mbuzi ya kukunia na kifumbu. Mwakani mume wangu anataka Pangani, kwa basi la Tanga, kuona mto unavyoingia baharini. Mwenye kujua nyumba ya wageni kule ambayo mwenye nyumba anapika mwenyewe, aniandikie hapo chini.