Nilivyoitafuta hitilafu ya mota ya taya kwenye mashine ya unga

Niliitwa Jumatano jioni kwenye kiwanda kimoja cha kufungasha unga wa sembe, Dar es Salaam. Mashine yao ya pakiti za kilo moja ilikuwa ikisimama yenyewe, na kwenye kioo cha draivu ya servo, yaani kifaa cha umeme kinachoiongoza mota ya taya za kuchomea mifuko, ikitokea alamu ya mkondo kuzidi. Mara mojamoja ilitokea alamu nyingine, ya enkoda, kihisi kinachosoma mhimili wa mota umefika wapi. Fundi aliyenitangulia alikuwa ameshafunga draivu ya kuazima kutoka mashine ya pili. Siku mbili tu, alamu zikarudi zilezile, naye akaandika kwamba mota imekufa, iagizwe nyingine. Kuagiza ni wiki sita na fedha nyingi. Mkuu wa matengenezo, mzee ninayemheshimu sana, aliniambia nilipomwamkia: "Mwanangu, kabla sijasaini hiyo oda, iangalie na wewe."

Nilianza kwa dada anayeiendesha ile mashine.

"Dada, pole na kazi. Ikisimama, taya huwa ziko wapi?"

"Chini, fundi. Karibu kila mara zinamalizia kushuka. Nimeandika."

Akatoa kipande cha mfuko wa unga alichokuwa ameandika saa za kusimama, mara 14 kwa zamu moja. Nyingi zilikuwa mashine ikienda pakiti 60 kwa dakika. Asubuhi wakianza na 40, kimya. Niliipiga picha karatasi ile, lakini usiku huo sikuipa uzito uliostahili, na gharama yake niliiona baadaye.

Nilizima umeme, nikafunga swichi kuu kwa kufuli langu, nikasubiri dakika 15. Hapo sina haraka na mtu. Umeme wa njia tatu wa volti 400 ukishageuzwa kuwa DC ndani ya draivu hufika karibu volti 565, na kapasita huendelea kuushika hata swichi ikiwa imezimwa. Taa ndogo ya kuonyesha chaji siiamini, maana taa nayo huungua. Ninapima kwa mita, na mpaka nione chini ya volti 50 ndipo ninapoingiza mkono.

Nikachomoa nyaya za mota kwenye draivu kabla ya kupiga mega, kipimo cha kuona kama umeme unavuja kutoka kwenye koili. Nasisitiza hili kwa vijana wanaojifunza kwangu: mega inatoa volti 500 au zaidi, ukiipiga mota ikiwa bado imeshikana na draivu unaweza kuua transista za nguvu zilizokuwa nzima. Kebo ya enkoda haipigwi mega kabisa. Koili zote tatu zilisoma omu 1.4, sawasawa, na kwenda kwenye ganda la chuma la mota zilikuwa juu ya megaomu 200. Nikavua mkanda, nikazungusha mhimili kwa mkono: laini, beringi haziungurumi. Nikaunganisha nyaya zote tatu za mota pamoja na kuzungusha tena, ukawa mzito kama mwiko kwenye ugali unaoanza kukaza. Hiyo ndiyo dalili unayoitaka. Sumaku bado zina nguvu, zinazalisha mkondo ndani ya koili zilizofungwa, na mkondo huo unapingana na mkono wako. Mhimili ungekuwa mzito nyaya zikiwa wazi, ningejua koili zimeshikana ndani.

Upande wa draivu niliweka mita kwenye alama ya diodi, nikapima kutoka DC chanya na DC hasi kwenda U, V na W, ncha tatu zinazokwenda kwenye mota. Vipimo sita, vyote kati ya volti 0.38 na 0.41. Transista zilikuwa nzima. Rezista ya breki, inayomeza umeme mota ikipunguza mwendo, imeandikwa omu 47, ikasoma 47.

Sasa mota nzima, draivu nzima, na alamu ipo. Nikaona sahani za alumini za kupozea zimejaa unga mpaka feni inazunguka kwa tabu. Nikajiambia hii hapa, draivu inachemka. Nilisafisha kwa brashi na mashine ya kuvuta vumbi. Hewa ya kompresa sikuitumia, kwa sababu inausukuma unga ndani ya bodi, na unga uliotimka hewani ukipata cheche unaweza kulipuka. Tukawasha, tukaendesha kwa pakiti 40 saa tatu nzima bila kusimama, nikaaga. Saa nane usiku simu ikaita: wamepandisha hadi 60, imesimama mara nne.

Niliona vibaya sana. Watu wa zamu ya usiku walikuwa wananisubiri mimi, na nilikuwa nimejaribu mashine kwa mwendo ambao dada alishaniandikia kwamba hausumbui.

Alhamisi asubuhi nilikaa na ile picha ya karatasi kabla ya kugusa bisibisi. Draivu ilishabadilishwa na alamu haikuhama nayo, ilibaki kwa mota ya taya. Kwa hiyo draivu niitoe kwenye lawama. Mota nimeipima. Joto lingekuja polepole na lisingejali taya ziko juu au chini. Kitu gani kinabadilika taya zikishuka? Kwenye mashine ile mota ya taya inapanda na kushuka pamoja na kitoroli chake, kinachoendeshwa na mota nyingine, na nyaya zake zinapita kwenye mnyororo wa plastiki unaojikunja kila pakiti. Pakiti 60 kwa dakika, saa 16 kwa siku, ni mikunjo 57,600. Kwa mwezi inapita milioni moja na laki saba.

Hapo ikaeleweka pia kwa nini draivu ililia mkondo wakati tatizo si la mkondo. Draivu ya servo inategemea enkoda kujua sumaku za mota zimeelekea wapi, ili ipeleke umeme kwenye koili inayostahili kwa wakati huo. Ishara ya enkoda ikipotea kidogo tu, umeme unakwenda mahali pasipofaa, mota inakosa nguvu, draivu inaona taya zimechelewa kufika nafasi ziliyoagizwa na kuongeza mkondo, mkondo unapita kiwango, alamu inatokea. Kioo kinaandika kile kilichotokea mwisho. Kama upotevu ni mkubwa kiasi cha draivu kuutambua wenyewe, ndipo inapoandika enkoda. Alamu mbili, chanzo kimoja.

Fundi mwenzangu alipendekeza tuitoe enkoda tuikague. Nilikataa. Imefungwa kwenye mhimili kwa pembe maalumu kulingana na sumaku za mota, ukiitoa bila alama na bila njia ya kuipanga upya, mota inaweza kukimbia ovyo siku ya kuwasha. Hata kugonga pulii kwa nyundo upande wa pili wa mhimili kunaweza kupasua kisahani cha kioo kilichomo ndani yake.

Badala yake niliingiza sindano nyembamba nyuma ya plagi ya enkoda upande wa mota, kwenye nyaya za volti 5, nikavuta nyaya za mita hadi nje ya mlango wa kinga na kuufunga. Mita yangu ina kitufe cha kushika kiwango cha chini kabisa ilichokiona. Draivu ya taya ikawashwa bila kuruhusu mota kusukuma, na dada akakishusha kitoroli polepole kwa kitufe cha mkono. Juu: volti 4.96. Katikati: 4.95. Robo ya mwisho kwenda chini, mita ikaruka hadi 4.3. Akapandisha, ikarudi 4.96. Akashusha, 4.3 tena, palepale. Enkoda ile haitaki chini ya 4.75.

"Si nilikuambia ni chini, fundi," dada akasema. Nikamwambia ahsante, na nikamwambia mzee naye mbele ya wote kwamba karatasi ya dada ndiyo iliyoonyesha njia.

Tulipoitoa kebo ya enkoda na kuichana, ganda la nje lilikuwa zima kabisa. Ndani, shaba ya waya mmoja wa chanya ilikuwa imekatika nyuzi karibu zote, inagusana na kuachana. Ilikuwa kebo ya kawaida ya kulaza ukutani, iliyowekwa kwenye matengenezo ya zamani, tena imebanwa kwa vibanio vya plastiki katikati ya mnyororo, kwa hiyo mkunjo wote ukaangukia sehemu moja.

Waliomba niunge kwa risasi ili usiku waendelee. Ndani ya mnyororo siungi. Risasi inakakamaza shaba na waya unakatika kandokando ya kiungo. Nilichofanya ni kupitisha kebo ya muda nje ya mnyororo, ikining'inia kwa mzingo mpana usiogusa kitu, wakafanya kazi kwa pakiti 40.

Kebo ya kunyumbulika, yenye jozi zilizosokotwa na wavu wa kuzuia mwingiliano, nilizunguka maduka ya Gerezani nikaikosa, ikapatikana Jumamosi kwa muuzaji wa vifaa vya viwandani. Niliining'iniza usiku mzima inyooke. Nikailaza kwenye mnyororo bila kuisokota, mbali na kebo ya nguvu ya mota, nikaibana kwenye ncha mbili tu. Volti 5 nikazipa nyaya mbili kila upande. Wavu nikaubana kwa klampu ya chuma ncha zote mbili, mzunguko mzima. Kipimo kikawa 4.97 juu na 4.97 chini, na Jumapili mashine ikaenda pakiti 60 zamu mbili bila kusimama. Draivu ya kuazima ikarudi kwake.

Oda ya mota mzee hakuisaini. Jumatatu nilipima mashine ya pili, iliyofungwa kebo za aina ileile kipindi kilekile. Kitoroli kikiwa chini ilisoma 4.8, na kebo yake imepangwa kubadilishwa Jumapili ijayo.