Kwa Mabaharia wa Manowari Isiyoelea

Treni ya kutoka Los Angeles kwenda San Diego huambaa ufuo wa Pasifiki kwa sehemu ya safari, na abiria aliyewahi kiti cha upande wa kulia huiona bahari karibu kabisa na reli. Nilisafiri na jirani yangu, mzee aliyelitumikia Jeshi la Majini la Marekani enzi za vita vya Vietnam, ambaye alikuwa akienda kuonana na wenzake wachache waliopita naye depo mwaka 1964, kando ya USS Recruit, manowari ya mafunzo iliyojengwa juu ya nchi kavu. Tulipoipita Camp Pendleton, kambi kubwa ya askari wa Marines, aliitazama kwa ule utani ambao majeshi hayo mawili yamezoea kutaniana, akasema kwamba wale maskini hawakuwahi kuwa na meli ya nchi kavu.

Watalii wengi wanaoshuka katika stesheni ya Santa Fe huelekea USS Midway, manowari ya kubeba ndege iliyogeuzwa makumbusho na kufungwa gatini mwendo mfupi kutoka hapo. Sisi tulipanda basi lililotupitisha kando ya uwanja wa ndege hadi Liberty Station, mtaa wa maduka, migahawa na nyumba za kuishi uliochukua mahali pa Kituo cha Mafunzo ya Wanamaji, ambacho kilianza kazi mwaka 1923 na kufungwa mwaka 1997. Majengo mengi ya kituo yamehifadhiwa, pamoja na vigae vyake vyekundu na baraza zake ndefu zenye matao, ambazo zingempendeza mtu yeyote wa Unguja au Mombasa.

USS Recruit imesimama ng'ambo ya mfereji wa maji, imezungukwa na lami. Ilizinduliwa Julai 1949, ikiwa na urefu wa mita 68 hivi, theluthi mbili ya ukubwa wa manowari ya kusindikiza misafara, na umbo lake ni la mbao lililovikwa bati. Haina injini wala ngama ya kuteka maji, lakini ina mlingoti, daraja la nahodha, nanga na kamba za kufungia gatini, na ndani yake mlikuwa na madarasa. Mabaharia waliipa jina la utani, USS Neversail, yaani ile isiyosafiri kamwe. Haikuwa ya kwanza kubeba jina la Recruit, kwa sababu mwaka 1917 manowari ya mbao iliyoitwa hivyo ilijengwa katika uwanja wa Union Square, New York, ili kuwavutia vijana wajiandikishe wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Vituo vya Bainbridge huko Maryland na Orlando huko Florida navyo vilipata kuwa na meli zao za nchi kavu.

Wazee walitusubiri upande wa omo, na salamu zilipokwisha wakaanza kusahihishana. Mmoja alikumbuka zaidi mazoezi ya kamba, kwamba kombania iligawanywa makundi mawili, wengine juu ya sitaha na wengine chini wakijifanya wako gatini, na amri ya kulegeza au kukaza ikitolewa walihangaika kwa jasho kuizuia meli ambayo hata tufani isingeisogeza shubiri moja. Mwingine aliyekulia Nebraska, mbali na bahari yoyote, alisema kuwa hapo ndipo alipopanda chombo kwa mara ya kwanza, na kwamba mkuu wa kombania alimrudisha chini mara kadhaa kwa sababu hakuigeukia bendera ya tezi na kuipigia saluti kabla ya kuomba ruhusa ya kuingia. Kuruta aliyecheka aliongezewa mazoezi ya viungo kwenye uwanja wa gwaride.

Niliwauliza kama hawakuona upuuzi kuisalimu meli iliyosimikwa ardhini. Jirani yangu alijibu kwamba walioiona hivyo ni wale wa siku ya kwanza tu, maana kuruta hakupewa nafasi ya kuamua lipi ni la mchezo. Nadhani hapo ndipo lilipokuwa jambo lenyewe. Mawimbi wangeyazoea baadaye, lakini kupokea amri bila kuuliza, kumpisha mwenzako kwenye ngazi nyembamba na kukumbuka zamu yako ni mambo ambayo yangewagharimu sana kama wangeyajifunza kwa mara ya kwanza wakiwa baharini.

Kuna mambo waliyoyasimulia kwa furaha isiyolingana na taabu yake: kufua nguo kwa brashi juu ya meza za saruji, kuzianika kwa vikamba vifupi vilivyofungwa kwa fundo lililokaguliwa, na kulinda zamu usiku kando ya kamba ya nguo. Kila ndege iliyoruka kutoka uwanja wa jirani ilituzima sauti, nao walinyamaza pamoja, wakasubiri, kisha wakaendelea palepale walipoachia, kama walivyofanya wakufunzi wao.

Kisa walichokipenda kuliko vyote ni cha Machi 1967, meli ilipoondolewa kwenye orodha ya jeshi. Inasimuliwa kwamba kompyuta za usajili hazikuweza kuipangia daraja, kwa kuwa haikuwa chombo cha majini wala jengo la kawaida. Kazi yake haikusimama, na mwaka 1982 ilikarabatiwa ifanane na frigeti za wakati huo.

Leo makuruta wote wa jeshi hilo hufunzwa Great Lakes, Illinois, ambako ndani ya jengo kuna USS Trayer, mfano wa manowari wenye urefu wa mita 64 ulioanza kutumika mwaka 2007. Humo hukesha usiku mzima wakipambana na moto, moshi na mafuriko ya kuigiza kabla ya kuhitimu. Mzee wa Nebraska alishikilia kwamba hayo ndiyo mafunzo, na kwamba angeyapata mwaka 1964 asingetetemeka moto ulipozuka kwenye meli yake ya kweli. Jirani yangu alikataa katakata, kwa hoja kwamba meli iliyo chini ya paa haimfundishi mtu kusimama zamu juani, na ubishi huo tukaenda nao mgahawani.